Faili mbili za Arkham Horror, na moja tu mbele ya mgeni

Siku ya kwanza kumfundisha binamu yangu Arkham Horror: The Card Game, nilimwekea mezani sanduku zima nikamwambia achague kadi 30 za kuchezea. Saa nzima ikapita, mkononi ana 11, amechoka. Hatukucheza usiku ule, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kadi zangu ziko kwenye faili, na ninashikilia kanuni moja: mgeni asione kadi ambayo leo hawezi kuitumia.

Mchezo wenyewe unasaidia. Mwanzoni mtu huchagua kadi za ngazi sifuri, zile zisizo na vinukta vyeupe chini ya gharama, pembe ya juu kushoto. Zenye vinukta, ngazi 1 hadi 5, hununuliwa baadaye kwa alama za uzoefu. Basi faili ya kwanza nimeijaza ngazi sifuri tupu. Ya pili hukaa kabatini mpaka mgeni apate alama zake.

Nunua faili ya pete zenye umbo la D, maana pete za duara hukunja kurasa zilizo karibu na mgongo. Kurasa ziwe za mifuko 9, inayofunguka ubavuni ili kadi zisimwagike faili ikiinamishwa.

Watu wengi huziweka mwisho kadi za kijivu, zisizo na kundi. Mimi naziweka mbele ya rangi zote, kwa kuwa wapelelezi wote watano wa sanduku la msingi, yaani wahusika ambao wachezaji huchagua, wanaruhusiwa kuzitumia. Ukurasa wao wa kwanza una Emergency Cache, Flashlight, Perception, Guts, Overpower na Manual Dexterity. Akichukua mbili mbili, tayari ana 12 kati ya 30, na uso wake unaanza kutulia. Kisha rangi za makundi zifuatane: Guardian buluu, Seeker manjano, Rogue kijani, Mystic zambarau, Survivor nyekundu.

Ndani ya rangi, tafadhali usipange kwa alfabeti. Alfabeti ni ya anayejua jina la kadi. Mgeni hajui jina, anajua haja yake: "Nataka silaha." Kwa hiyo .45 Automatic na Machete zikae pamoja, halafu vifaa vingine, halafu wasaidizi, halafu matukio, mwisho kadi za ujuzi. Kila fungu lianze na zenye gharama ndogo. Lianze pia ukurasa mpya, hata kama mifuko minne itabaki wazi, kwa sababu utanunua nyongeza na hutapenda kuhamisha kila kitu.

Nakala mbili za kadi hukaa mfuko mmoja. Nyuma yake natia kikaratasi chenye jina na mstari mmoja wa Kiswahili: "Machete: mkono mmoja, hujeruhi zaidi ukikabiliana na adui mmoja tu." Binamu yangu Kiingereza anakisoma, lakini maandishi madogo ya kadi 60 yanamchosha mtu yeyote. Kadi ikitolewa, kikaratasi kinabaki. Saa sita za usiku, wakati wa kurudisha, hata mgeni mwenyewe anajua kila kadi inaingia wapi. Hii ndiyo kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, jioni tatu, na nisingeiacha.

Wapelelezi wana ukurasa wao mwanzoni, kila mmoja na kadi zake maalumu nyuma yake. Chini ya Roland Banks nimeandika: kijivu, buluu, manjano. Chini ya Wendy Adams: kijivu, nyekundu, kijani. Mgeni hufungua rangi hizo tatu tu, nyingine anazipita.

Udhaifu wa kawaida, yaani kadi za kumdhuru mchezaji mwenyewe, usiutie kwenye faili. Huo huchotwa bila kuchagua, kwa hiyo changanya kadi zake, zitie kwenye bahasha, na mgeni achote moja akishakamilisha zile 30.