Pikapu ya Dizeli ya Kupeleka Dodoma: Chungulia Bomba la Moshi Kabla Hujalipa

Ndugu mlioko Uingereza mnaotaka pikapu ya kubeba alizeti Kongwa, kuvuta tangi la maji Chamwino au kupenya vijiji vya Kondoa, mambo ya meli, bandari na usajili mnayajua. Kumbukeni tu kwamba TRA wanakadiria thamani kwa mfumo wao, si kwa risiti yenu. Balaa lenyewe haliko bandarini. Liko chini ya gari, kwenye bomba la moshi.

Pikapu za dizeli za Ulaya za miaka hii zina kichujio cha masizi, ambacho mafundi wanakiita DPF. Kinanasa masizi, kisha kompyuta ya injini inayachoma kwa kupandisha joto hadi nyuzi 600 hivi. Ili yaungue, gari linatakiwa litembee mwendo wa barabara kuu dakika 15 hadi 20 bila kuzimwa. Sasa angalia kazi ya Dodoma: gari linatambaa gia ya kwanza shambani, linaunguruma limesimama kisimani, linazimwa kila baada ya kilomita mbili. Masizi yanajaa, taa inawaka, injini inakata nguvu, na magunia yako yanalala porini. Mafuta nayo yanachangia. Dizeli ya Ulaya ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50. Salfa inaongeza uchafu ndani ya kichujio, na majivu yakishajaa hayaungui tena.

Pikapu nyingi za Euro 6, yaani kiwango kipya zaidi cha Ulaya cha usafi wa moshi, zimeongezewa AdBlue, kimiminika cha urea kinachopunguza sumu ya moshi. Fungua mlango wa tangi la mafuta: ukiona kifuniko cha pili cha buluu, ndiyo hiyo. Ikiisha na ukazima injini, haiwaki tena mpaka ujaze. Ikihifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 inaharibika mapema, na ole wake atakayejaza maji humo. Msidhani gari la Japani linawaokoa: Hilux ya dizeli iliyorudi kuuzwa kule mwaka 2017 nayo ina DPF na AdBlue.

Hapo mjomba atapiga simu: "Nunua tu, fundi wetu ataikata hiyo DPF." Kwa heshima zote, mjomba hajui anachokiomba. Ukikata mtungi wa DPF bila kurekebisha programu ya kompyuta sawasawa, kompyuta inaendelea kutaka kuchoma masizi yasiyokuwepo. Inamimina dizeli ya ziada kwenye silinda, dizeli inachuruzika hadi kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, beringi zinalika na turbo inafuata. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, rudisha kijiti na uondoke. Lala chini pia utazame mtungi wa bomba la moshi: vipaipu viwili vyembamba vinavyopanda kwenye sensa ndiyo alama ya DPF. Muuzaji akikwambia haina, usimwamini kwa mdomo. Lala chini uangalie.

Kuna jambo la Waingereza ambalo wengi wetu hatulipimi. Kwa miaka mingi pikapu ya dabo kabini, yaani yenye viti vya nyuma, yenye uwezo wa kubeba tani moja ilipata nafuu za kodi kama gari la biashara, hadi sheria ya kodi ya mapato ilipobanwa Aprili 2025. Kwa sababu ya nafuu hizo, mashine ya kazi ikawa ya kupeleka watoto shule na kurudi. Sisi tunashangilia kilomita chache, kumbe dizeli ya safari fupi ndiyo yenye DPF iliyochoka. Gari la mkulima lenye matope, lililozoea kuvuta mifugo masafa marefu, mara nyingi lina injini nzima zaidi. Ila chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakula chesi: gonga kwa nyundo juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi, na ogopa rangi nyeusi mpya, huenda imeficha kutu. Historia ya ukaguzi wa MOT iko bure mtandaoni kwa namba ya gari, pamoja na kutu iliyoandikwa.

Kwa maoni yangu, kwa kazi nzito ya Dodoma nunua gari lililotengenezwa kwa soko la Afrika lisilo na DPF, hata kama kabini ni moja na shemeji atanuna. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ni nzito kupanda ikiwa na trela, lakini pampu yake ya dizeli haitawaliwi na kompyuta na mafundi wetu wanaijua. Springi za majani zikivunjika, zinatengenezeka.

Kuhusu kuvuta, tangazo la "kilo 3,500" lisikulevye. Soma kibati cha uzito: kwa magari ya Uingereza mstari wa kwanza ni gari na mzigo wake, wa pili ni gari pamoja na trela. Kwa mfano, Ford Ranger ya lita 3.2 ya Australia ina kilo 3,200 na 6,000, kwa hiyo ukiijaza pomoni, trela inabakiwa na kilo 2,800 tu. Magunia kumi ya mahindi ni tani moja. Tangi la lita 2,000 ni tani mbili kabla hujapima trela, na kwa sheria ya Uingereza trela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake.

Kwenye mchanga wa makorongo shusha upepo wa matairi hadi psi 18 au 20, weka fowili ya chini kabla ya kuingia, na ujaze tena ukifika lami. Vumbi la Bahi linaziba chujio la hewa haraka, na maji kwenye filta ya dizeli yafunguliwe yatoke kila wiki.