Kama umechoka kuishi na bongo (uongo) juu yako: namna ya kuitosha pole pole

Mi nilipoteza kazi mwezi wa tatu, ku nyumba nikasema mwezi wa kumi na moja. Katikati ya pale, kila asubuhi nilikuwa navaa shati, nabeba sakoshi, natoka Katuba naenda mu vile, ni kusema katikati ya muji, nakaa pembeni ya Posta mpaka saa kumi, kisha narudia na kusema nimechoka, na kweli nilikuwa nachoka. Kwa hiyo kama we unasoma na uko mu hali sawa ile, ujue siko nakuhukumu hata kidogo.

Hapa kwetu Lubumbashi mutu na kazi yake ni kitu kimoja. Batu banaulizaka "unatumika wapi?" mbele ya kuuliza jina. Bazee bengi balikomalia mu makambi ya kazi, na kule nyumba, unga, hospitali, masomo ya batoto, byote bilitokaka ku kazi. Mu 2003 Gécamines, ile kampuni kubwa ya migodi, ilitosha batu zaidi ya 10.000 mu ule mpango wa kutoka kwa kupenda, na bale batoto benye balikomala mu ile miaka baliona papa moja na ingine namna anabakia mu lupango (uwanja wa nyumba) bila kujua mikono aweke wapi. Njo maana tunafichaka. Ni haya, siyo roho mubaya.

Sasa namna ya kutoka. Usitake kutosha bongo yote siku moja, ingine iache tu. Mugeni anafika saa ya bukari (ugali), anaona sufuria ni kadogo, anasema "nimekwisha kula mama, asante", hiyo ni heshima na mama mwenye nyumba anaisikia vizuri. "Niko mu njia" na ungali unaoga, rekebisha leo leo, sema saa ya kweli, basi. Ile ya kutafuta ni ile inakula feza na usingizi: kazi hauna, diplome haukumaliza, unasema uko Kolwezi na uko umejificha hapa hapa Ruashi.

Ukiisha kuichagua, kamata karatasi uandike inakula ngapi kwa wiki. Taksi ya kuenda na kurudia bure, mayunite ya kupigia batu na kujifanya uko mu biro, kinywaji ulilipia barafiki juu banakuita patro, na muchango wa matanga wenye ulitoa kupita nguvu yako. Andika na madeni. Mi nilikuwa nimekopa ku banki lamberi, ni kusema kwa batu ba kukopesha na riba kubwa, unakamata dola 100, mwisho wa mwezi banataka 150, na yote ile ilikuwa ya kuleta "mushahara" ku nyumba. Niliandika nikafunga karatasi nikaifungua tena, sikuamini.

Kisha chagua mutu wa kwanza. Usianzie ku kanisa mbele ya batu bote, najua benye banafanyaka vile, lakini bibi yako au bwana yako hapaswe kusikia habari yake ku maikro. Anzia mu nyumba. Batoto balale, lakini usingojee saa ya usiku sana mwenye kuchoka, na isikuwe siku mwenye nyumba amekuja kudai. Maneno ikuwe mafupi. Mi nilisema: "Mama, kuko kitu ninakuficha tangu mwezi wa tatu. Kazi iliisha. Asubuhi natokaka lakini hakuna kwenye naenda. Na kuko deni, karatasi ni hii."

Pale unyamaze. Hapa njo pagumu kupita pote, na hapa njo batu bengi banaharibu, juu bibi akianza kulia we unakimbilia kusema "lakini wiki ijayo kuko mutu ameniahidia kazi", na haiko kweli, umeisha kuzaa bongo ya pili mbele ya kuzika ya kwanza. Usiahidi kitu. Acha akasirike, ana haki. Akiuliza swali, jibu lile swali tu. Bibi yangu aliniuliza moja, "kila siku ulikuwa unakula nini kule?", na ile swali iliniumiza kupita hasira yake yote.

Kwa bukwe, ni kusema kwa bakwe zako, usiende peke yako. Pitia kwa yaya wako (mukubwa wako wa kuzaliwa) ao kwa muyomba, mukubwa mwenye banaheshimu, yeye aseme kwanza, we ufuate. Na siku ya muchango sema hesabu yenye iko mu mufuko: "niko na franka 10.000, njo ile niko nayo." Usiongeze "nitamalizia kesho". Mara ya kwanza midomo inakauka, lakini ile pesa banaipokea na banaandika jina lako sawa ya bengine.

Asubuhi yenye kufuata usivae shati ya kazi. Hii nakuomba kabisa, juu miguu imezoea na utajikuta ku mulango. Mi nilibakia mu lupango, nikateka maji, nikasafisha mbele ya nyumba. Jirani akapita: "Papa, leo hauendi?" Nikamujibu kazi iliisha. Akasimama kidogo, akasema pole sana, akauliza ni tangu mwezi gani, nikamwambia mwezi wa tatu. Akaangalia chini. Siku ya tatu hakuna mutu aliuliza tena.