Poka ya meza za skrini kwa dau dogo: namna ya kukaa bila kuliwa kizembe

Kabla hujatoa hata senti hakikisha umekaa kwenye kitu sahihi, maana ndani ya kasino kuna mashine za aina tatu zote zimeandikwa poka na mgeni anakaa popote tu. Ya kwanza ni video poka, ile ya mtu mmoja, unapewa karata 5 unabakiza unazotaka unabadilisha zingine, hapo unacheza na mashine na malipo yameandikwa juu kabisa. Ukikuta ile ya kuanzia pea ya jeki inayolipa mara 9 ya dau kwa fuli hausi (karata tatu zinazofanana na pea) na mara 6 kwa flashi (karata tano za aina moja, mfano kopa tupu) ndo nafuu yake, ukicheza bila kosa hata moja inarudisha kama asilimia 99.5, ila nyingi zinalipa chini ya hapo na nani anacheza bila kosa. Ya pili ni hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani) ya wewe na mashine, mnabanana wawili tu. Ya tatu ndo ninayoongelea hapa: meza kubwa ya hold'em hiyohiyo, viti hadi 10, kila kiti na kiskrini chake, katikati kuna skrini kubwa inayoonyesha karata za pamoja na chungu (hela zote zinazogombaniwa), na unacheza na BINADAMU wenzako. Kasino yenyewe haichezi, inakata kamisheni tu.

Hiyo kamisheni wenyewe wanaiita reki, na kwa kweli jina limeiva kwa Kiswahili maana inakwangua kama reki ya majani, kidogo kidogo kila chungu. Mara nyingi ni asilimia fulani ya chungu yenye kikomo chake. Ulizia vitu viwili tu hapo kaunta, asilimia ngapi na kikomo ni ngapi, na kwa dau dogo kikomo ndo cha kuangalia sana kwa sababu kikiwa uniti 4 (uniti ni hela yoyote mnayochezea) na vyungu vyenu vinaishia 40, basi hamkifaidi kabisa, mnakatwa asilimia yote kila mara.

Kuingia ni rahisi. Unaenda kwa keshia na kitambulisho, wanakufungulia akaunti, unapewa kadi na unaweka namba ya siri, unaweka hela. Kwenye meza unachomeka au unapitisha kadi, unaandika namba, unachagua unaingia na kiasi gani. Namba ya siri ifiche kama ya benki, usiandike nyuma ya kadi (nimeona mtu kaandika, na peni ya rangi kabisa).

Sasa jambo ambalo kila mtu anasema ni faida ya hizi meza: spidi. Hakuna wa kuchanganya karata, hakuna wa kuhesabu chipsi, hakuna mabishano nani kaweka nini, hakuna bakshishi ya mgawaji. Kweli kabisa. Ila piga hesabu na mimi. Tuseme blaindi (dau la lazima linalowekwa kwa zamu na watu wawili kabla ya karata, moja dogo moja kubwa) ni 1 na 2, kila mzunguko unakula uniti 3 zako hata ukitupa karata zote. Meza ya watu 10 yenye mgawaji inatembea kama mikono 30 kwa saa (mkono ni toka karata zigawiwe mpaka chungu kipate mwenyewe), ni mizunguko 3, uniti 9. Meza ya skrini ikienda mikono 50 ni mizunguko 5, uniti 15. Sasa watu wakiondoka mkabaki 6 na mashine inakimbia mikono 60, ni mizunguko 10, uniti 30 kwa saa!! Kama umekaa na 200 ndo zinaisha hivyo hujafanya kosa lolote, umekaa tu. Kwa hiyo wakibaki wachache una njia mbili, ufungue mchezo kidogo ucheze mikono mingi zaidi, au usimame uondoke. Kukaa kama kobe kwenye meza ya watu 5 ni kulipa kodi ya kiti.

Lakini meza ikijaa, kuwa kobe. Hii naisisitiza kwa sababu skrini inakudanganya kitu kingine: kitufe cha kufuata dau ni kikubwa, kinang'aa, kinagusika kirahisi, na uniti 2 kwenye skrini hazina uzito wa chipsi mkononi. Mtu anayetupa karata mbaya kwenye meza ya kawaida akifika hapa anajikuta anafuata na jeki na 4 eti "ni mbili tu". Kuna miunganiko 1,326 ya karata mbili za mwanzo, na pea ya esi inakuja wastani mara moja katika mikono 221. Yaani hata kwa mikono 50 kwa saa utaisubiri saa nne na zaidi. Hiyo ndo subira yenyewe. Ukiwa kwenye viti vya mwanzo kuongea cheza pea kubwa, esi na kingi, esi na kwini, basi. Ukiwa mwisho, yaani baada ya wote kuongea, ndo unaweza kuongeza pea ndogo na karata zinazofuatana za aina moja, kama watu wengi wameingia kwa bei rahisi. Pea ndogo inapata mwenzake wa tatu kwenye flopu (karata tatu za kwanza za pamoja) kama asilimia 12 tu, mara moja katika nane na ushee, kwa hiyo usiifuatie dau kubwa.

Na ukiamua kuingia, pandisha. Kwa dau dogo wengi wanafuata fuata tu, mnajikuta watu 6 kwenye flopu na pea yako ya kwini haijui hata inapigwa na nani. Mimi napandisha mara nne ya blaindi kubwa na naongeza blaindi kubwa moja kwa kila mtu aliyeshaingia. Watu wa meza hizi hawaogopi, watafuata tu, ila angalau wanalipa.

Kingine, acha kupiga mkwara. Najua ndo raha ya poka, ila mkwara unafanya kazi kwa mtu anayeweza kutupa karata, na mtu wa dau dogo kwenye skrini hatupi, ana pea ya 6 na anataka kuona una nini. Umemtisha, kagusa kitufe, umeliwa. Ukiwa na kitu dai hela, ukiwa huna tulia.

Hesabu inayotosha ni hii. Hesabu karata za kukuokoa, zidisha kwa 2 kama unasubiri karata moja, kwa 4 kama utaziona zote mbili. Mfano halisi, nina 9 na 8 za kopa, flopu imekuja kopa mbili, bado moja nipate flashi. Kopa zimebaki 9, kwa karata moja ni kama asilimia 19, kwa mbili ni 35. Chungu kina 20, jamaa kaweka 10, sasa kuna 30 na mimi natakiwa niweke 10, yaani 10 kati ya 40, nahitaji nafasi ya asilimia 25 ili nisipoteze. Je nifuate? Hapo ndo unaangalia skrini, maana uzuri wa meza hizi hela ya kila mtu imeandikwa mbele ya kiti chake. Kama hiyo 10 ndo yake ya mwisho nafuata bila kufikiri, nitaziona karata zote mbili na 35 ni zaidi ya 25. Kama kabakiwa na 200 na ni mtu asiyejua kutupa nafuata pia, nikipata kopa atanilipa. Kama kabakiwa na 15 natupa, maana kwa karata moja 19 haifiki 25, na nikipata hiyo 15 inaziba pengo kwa shida, tena akikubali kunipa yote. Karata zilezile, dau lilelile, majibu tofauti, na jibu limeandikwa kwenye skrini wengi hawaliangalii.

Ambacho hakijaandikwa ni watu wenyewe, na hapa ndo napoona hela nyingi imelala. Wengi wanasema kwenye meza ya skrini huwezi kumsoma mtu kwa sababu hakuna chipsi za kurusha. Sio kweli. Karata zako zinakuwa zimefunikwa, ili uzione unaweka kiganja kama kibanda juu ya skrini unagusa pembe, zinafunuka kidogo. Sasa tazama. Flopu ina kopa mbili, karata ya nne inakuja kopa. Jamaa mmoja anaweka kiganja tena anachungulia. Kwa nini? Aliyeshika kopa mbili anajua kuwa anazo, alikuwa anaisubiri hiyo ya tatu. Anayechungulia tena mara nyingi anajua ana karata moja nyekundu ila hakumbuki kama ni kopa au uru. Sio sheria ya mbinguni ila imeniokoa na kunilipa mara nyingi. Basi na wewe jifunze: zitazame mara moja, zikariri na aina zake, usirudie.

Kidole pia kinaongea. Zamu bado iko watu watatu mbali na kidole cha mtu tayari kinaelea juu ya kitufe cha kutupa, wengine hata wanagusa kabla ya zamu maana mashine inaruhusu, na zamu ikifika kwao karata zinaondoka papo hapo. Ukijua wawili walio nyuma yako wameshakata tamaa, kiti chako ni kama kimehamia mwisho, pandisha hapo hapo. Na anayefuata dau haraka mno bila kuwaza, mara nyingi anasubiri karata ya kumkamilisha, kwa sababu aliye na mkono mzito huwa anasita kwanza afikirie apandishe au la. Kwa hiyo macho yako yawe juu wakati umeshatupa karata. Nusu ya meza utaiona imeinamia simu, nzuri hiyo, waache.

Makosa ya mashine yenyewe, yaani ya vidole vyako. Kuna kile kitelezi cha kupandishia dau, unaburuta kwenda juu. Mimi siku ya pili tu kwenye hizi meza nilikuwa nataka kuweka 20, kidole kilikuwa na mafuta (nilikuwa nakula, kosa langu), kikateleza mpaka mwisho na nikathibitisha bila kusoma, uniti 186 zote katikati na mkononi nina kingi na 10. Jamaa akafikiria mpaka karibu meza nzima izeeke, akatupa pea ya kwini na akawaonyesha watu. Nilikaa kimya kama mtu aliyepanga. Toka siku hiyo naandika namba kwa vitufe, sitelezeshi, na nasoma kabla ya kuthibitisha. Hakuna mgawaji wa kumwambia samahani nilimaanisha ishirini, mashine haina masikio.

Saa nayo. Una sekunde kadhaa za kuamua, ukichelewa inakutupia karata au inakupitisha kama hakuna dau la kufuata. Ukienda msalani bonyeza kitufe cha kukaa pembeni, la sivyo utarudi ukute blaindi zimekula na karata nzuri zimetupwa.

Halafu ile kesi ya kila siku, "mashine imechezewa". Esi zikikutana na kingi kabla ya flopu esi zinashinda kama asilimia 82, maana yake karibu mara moja katika tano na nusu unapigwa, na ukicheza mikono mingi zaidi kwa saa utaona vioja vingi zaidi kwa saa, ndo hivyo tu. Tena kasino inakata reki ileile ashinde Juma au Asha, haina sababu ya kumpendelea mtu. Ukianza kuona mashine inakuchukia ujue ni hasira za kuliwa zimekupanda, na kwa spidi hii hasira ya dakika kumi inaweza kumaliza kazi ya saa tano.

Mtaji: meza nyingi wanaruhusu kuingia mpaka mara 100 ya blaindi kubwa. Kama unataka kucheza mara kwa mara tenga hela ya kuingia kama mara 20 na isiwe ya kodi wala ada ya mtoto. Kwenye kadi weka ya kuingia mara mbili tu kwa siku, nyingine iache nyumbani, kwa sababu kuongeza hela kwenye meza hizi ni kugusa mara mbili na hutoki hata kwenye kiti.

Kwa watu wanaouliza kama wagawaji wataisha duniani, Excalibur ya Las Vegas iliwahi kutoa wagawaji wote 2008 ikaweka meza za skrini peke yake, za aina ya PokerPro, baadaye ikawarudisha. Nadhani watu walizikumbuka kelele za chipsi.

Ukitaka kuondoka subiri mkono uishe, bonyeza kuondoka, ngoja skrini irudi kwenye ukurasa wa kukaribisha ndo utoe kadi, usiiache ikiwa wazi hata kwa sekunde. Soma salio kabla hujafika kwa keshia. Na kama umeshinda ukafikiria utoke na faida urudi dakika tano baadaye na mtaji mdogo, mashine nyingi zinakumbuka, zitakulazimisha urudi na kiasi kilekile ulichoondoka nacho, kwa hiyo kama unatoka, toka.