Juisi ya ukwaju ndani ya bilauri za bibi

Kaskazi ya mwezi wa pili hapa Mombasa, saa nane mchana, hata feni hupuliza joto. Mgeni akibisha hodi saa hiyo, chai isubiri. Mimi humtolea juisi ya ukwaju, na humtolea kwa vyombo nilivyorithi kwa bibi yangu: jagi la kioo la maua, bilauri 6 za Duralex, sinia la shaba, na kile kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni.

Kutengeneza juisi ni kazi nyepesi. Panapotaka akili ni kwenye vyombo, kwa sababu ukwaju ni mkali. Bibi alikuwa akilisugua sinia lake kwa ukwaju na majivu mpaka ukajiona uso. Basi kitu kinachoing'arisha shaba namna hiyo, kinaila vilevile.

Hatua ya 1: Kagua vyombo

Jagi la shaba ni la kutazama tu. Juisi ikilala humo, shaba huingia kwenye kinywaji na tumbo litakueleza. Jagi la bati lenye maua linafaa ikiwa rangi yake ya ndani ni nzima. Likibanduka hata padogo, ukwaju utaamsha kutu.

Bilauri nzito za krista, zile zinazolia "tiiing" ukizigonga kwa kucha, nazo ziogope. Krista nyingi za zamani zina madini ya risasi, na kitu kichachu huyavuta yakatoka, hasa kikikaa humo kwa saa nyingi. Zangu ziko kabatini na hazishuki. Tazama pia mapambo: rangi za zamani huenda zikawa na risasi, kwa hiyo maua yawe nje ya bilauri, mbali na mdomo.

Duralex haina maneno. Ni kioo cha kawaida cha Kifaransa kilichokazwa kwa moto, na ndiyo maana nyumba nyingi za pwani bado zinazo. Ila yenye ufa au iliyomeguka ukingo, itoe. Kioo cha aina hiyo kikipasuka hutawanyika chote vipande vidogo vidogo.

Hatua ya 2: Roweka na ufikiche

Chukua ukwaju robo kilo, ule wa madonge wa Marikiti, wenye rangi ya kahawia. Umwagie lita 1 ya maji moto, uache nusu saa. Fikicha kwa mkono safi mpaka nyama iachane na mbegu, kisha chuja. Makapi yatie maji kidogo, fikicha tena, chuja tena. Usiyatupe mapema, bado yana ladha.

Hatua ya 3: Chemsha

Tumia sufuria ya chuma cha pua. Ya alumini itaacha ladha ya chuma. Tia sukari gramu 200, kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki 4 na chembe za chumvi. Sukari itiwe sasa hivi juisi ikiwa ya moto, maana kwenye baridi itakaa chini kama mchanga. Ichemke dakika 5, uepue, uongeze lita 1 ya maji yaliyokwisha chemshwa na kupoa. Onja. Kama hujakunja uso hata kidogo, umetia sukari nyingi.

Hatua ya 4: Ipooze polepole

Hapa ndipo nilipovunja jagi la kwanza. Wageni walikuwa mlangoni, nikamimina juisi bado ina mvuke. Kioo kinene cha zamani hakipendi haraka: ndani hutanuka kwa joto, nje bado baridi, kikaachana. Sasa huiacha ipoe sufuriani, kisha naitia friji kwenye chupa.

Sehemu ya juisi igandishe kwenye trei ya barafu. Barafu ya maji ikiyeyuka huzimua kinywaji. Hii ya ukwaju huyeyuka ikawa juisi ileile.

Umeme ukikatika, na utakatika, nunua barafu, ivunje ndani ya karai, nyunyiza konzi mbili za chumvi, kisha zungusha chupa humo. Chumvi huifanya barafu iwe baridi zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake. Robo saa yatosha.

Hatua ya 5: Andaa

Suuza bilauri kwa maji ya baridi kwanza, zisishtuke. Barafu iteleze kwa kijiko, usiidondoshe. Jagi ulijaze robo tatu tu, kwani mishikio ya zamani ilibandikwa na haipendi uzito. Funika kwa kitambaa cha shanga. Shanga hukizuia kisipeperuke, na nzi watabaki nje. Pembeni weka mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu.

Sinia nalo lipate nafasi yake, chini ya vyombo, si ndani ya mapishi. Matone yakilidondokea, pangusa papo hapo. Ukingoja mpaka wageni waondoke, utakuta viduara vinang'aa kuliko sinia zima, na hapo huna budi kulisugua lote.