Umeumia kwenye gari la abiria? Jinsi ya kudai fidia ya bima, kuanzia PF3

Mama yangu alivunjika mkono mwezi Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umeanza. Coaster aliyopanda Masasi kuja Mtwara iliacha barabara ilipopita Ndanda, ikalala ubavu. Madai yake nimeyafuatilia mimi kwa miezi kumi na moja, na minne kati ya hiyo ilipotelea kwenye mstari mmoja wa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Naandika ili wewe usiipoteze.

Abiria hahitaji kuwa na bima yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inamtaka mwenye gari awe angalau na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, na abiria aliyeumia ndiye huyo mtu wa tatu. Kwa hiyo unaidai kampuni iliyolikatia bima gari lililokubeba. Ili kuijua, chukua namba ya gari na uiingize kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Utaona kampuni, tarehe bima ilipoanza na inapoisha. Piga picha ya ukurasa huo siku hiyohiyo. Kama ulipanda mchomoko, yaani gari dogo linalobeba abiria, angalia pia aina ya matumizi, maana gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi huku likibeba abiria wa nauli huipa kampuni hoja ya kukukatalia. Usikate tamaa kwa hilo, lakini mtafute mwanasheria mapema.

Sasa PF3. Fomu hutoka polisi, hujazwa na daktari, kisha hurudi polisi. Majeruhi atibiwe kwanza, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Sisi tulifanya hivyo. Hospitali aliyofikishwa mama ilikuwa na majeruhi wengi usiku ule na hakukuwa na mtu wa X-ray. Daktari akamgusa mkono, akaandika: uvimbe na michubuko, kifundo cha mkono wa kulia. Nikaipokea fomu, nikairudisha polisi asubuhi bila hata kuisoma, nikaona nimemaliza.

Siku mbili baadaye maumivu yalimzidi, tukampeleka hospitali nyingine. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Akafungwa plasta, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye jalada la polisi mama bado alikuwa mtu mwenye michubuko. Tulilijua hilo mwezi wa pili, barua ya kampuni ilipofika: kwa mujibu wa PF3 majeraha ni madogo, hivyo gharama za kutibu mfupa hazihusiani na ajali.

Kurekebisha kulinichukua safari nne za kituo cha polisi cha kule ajali ilikotokea. Jalada hukaa huko, si Mtwara Mjini tunakoishi. Daktari aliyejaza fomu alikuwa amehamishwa. Kilichosaidia mwishoni ni ripoti ya daktari wa hospitali ya pili, yenye mhuri, iliyotaja tarehe ya ajali, tarehe ya picha, na kusema wazi kwamba mvunjiko ule unalingana na ajali ya siku ile. Mpelelezi akaiambatisha kwenye jalada, nami nikapeleka nakala kwenye kampuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla PF3 haijarudi polisi, isome. Angalia jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na kiungo kilichoumia, kulia au kushoto. Kama vipimo havijafanyika, mwombe daktari kwa heshima aandike kuwa mgonjwa anasubiri X-ray. Toa nakala. Na vipimo vya baadaye vikionyesha kingine, usikae nacho hata wiki moja, kipeleke kwa mpelelezi.

Kutoka polisi utahitaji pia PF90 (ripoti ya polisi kuhusu ajali), ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. PF90 huchelewa, kwa sababu husubiri upelelezi na mara nyingi kesi ya dereva mahakamani. Chukua namba ya kesi na uifuatilie, kisha uombe nakala ya hukumu. Usisubiri hayo yote ndipo uandike barua kwa kampuni. Andika mapema, taja gari, tarehe, mahali na jina la aliyeumia, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwenye gari anatakiwa naye atoe taarifa kwenye kampuni yake. Wa kwetu alizima simu, ndiyo maana barua yetu yenye mhuri ikawa na thamani.

Risiti zote za matibabu, dawa na usafiri tunza, na utoe nakala mara moja. Zile za mashine ya EFD hufutika. Mwezi wa tatu nilifungua bahasha nikakuta risiti mbili zimekuwa karatasi nyeupe. Fedha tuliyompa fundi wa mifupa kijijini haikuhesabiwa kabisa, kwa kuwa hakuna alichoandika.

Kipato kilichopotea kinadaiwa pia, na hapa wakulima wengi wanajinyima. Kampuni ilituuliza, mama hana mshahara, amepoteza nini? Tukapeleka stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, za misimu miwili iliyopita pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya korosho. Msimu ule mama hakuokota hata kilo moja, tuliweka vibarua. Tofauti ilionekana kwenye karatasi, wakakubali kuijadili.

Baada ya hapo watakuita ofisini kwa malipo. Ofisa wetu alikuwa mpole, akamwamkia mama, "Shikamoo mama," akamsogezea karatasi na kalamu. "Hii ni ya kuthibitisha tu kwamba tumekubaliana." Nikaomba niisome. Ilisema mdai anapokea kiasi kile kuwa malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Wakati huo mama alikuwa bado anatibiwa! Karatasi hiyo wenyewe wanaiita dischaji vocha. Ukishaisaini, kuifungua tena ni kazi ngumu mno. Usiisaini kabla matibabu hayajaisha na daktari hajaandika kama kuna ulemavu wa kudumu na ni asilimia ngapi. Una haki ya kuondoka nayo ukaisome nyumbani. Tuliondoka nayo, tukajibu kwa barua tukieleza tunachokikataa na kwa nini.

Lakini usikae nayo miaka. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura 89, kesi ya madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu ya maandishi, malalamiko yapeleke TIRA, na pia kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na barua zako zenye mihuri. Wapo pia watu wanaozunguka wodini wakiahidi kukufuatilia kila kitu. Mmoja alitaka theluthi ya fedha na PF3 halisi akae nayo yeye. Karatasi halisi usimpe mtu.

Mama alikubali kiasi cha pili mwezi Septemba. Mkono wa kulia ulikuwa bado haushiki kalamu vizuri, na saini ya kushoto isingefanana na ya benki, hivyo tuliomba aweke dole gumba mbele ya shahidi. Waliruhusu. Fedha iliingia kwenye akaunti ileile anayolipiwa korosho.