Kukimbia kwa ajili ya wodi iliyomlea njiti wangu

Ukitaka kukimbia ili kuchangishia wodi ya njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, basi kabla hujawaza viatu, nenda kaongee na muuguzi mkuu wa wodi, umuulize wanapungukiwa nini. Mimi nilitegemea atataja inkubeta, maana binti yangu alizaliwa wiki ya 29 na kile kisanduku cha joto ndicho nilichokuwa nakikodolea macho kutwa. Akataja viti. Viti vya kuegemea, mama akae amempakata mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani linashauri njiti walelewe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Jaribu wewe, na mshono wa upasuaji, juu ya kiti cha plastiki.

Kitu kikishajulikana, ulizia bei yake ndipo utangaze. Mtu huona rahisi kuchangia kiti anachokielewa kuliko "kusaidia wodi". Hospitali ikupe kibali cha maandishi, na michango iingie moja kwa moja kwenye akaunti yake. Uwe mwaminifu kiasi gani, hela za watu zikipitia kwenye simu yako maneno hayakosi.

Tarehe nzuri ni 17 Novemba, Siku ya Njiti Duniani. Rangi yake ni zambarau, basi fulana mmeshapata.

Sasa mbio zenyewe. Kama wewe ndiye uliyejifungua, usikimbie kabla ya miezi 3, na aliyepasuliwa huenda akahitaji zaidi. Daktari akuone kwanza. Mkojo ukikuponyoka unapokimbia, au ukihisi uzito unashuka ukeni, simama urudi kliniki. Tunaambiwa ni kawaida ya wazazi, tuvumilie. Si ya kuvumilia, yanatibika. Unayenyonyesha, nyonyesha au kamua kabla ya kutoka, na sidiria iwe ya kushika kweli.

Anza kwa kukimbia dakika moja, kutembea mbili, mara tatu kwa wiki, ukiongeza taratibu. Usiku ambao mtoto hakukulaza, lala mchana, mazoezi yatasubiri. Kilomita 5 zinatosha kabisa. Waliotuchangia hakuna aliyeuliza nilimaliza kwa dakika ngapi, nami sikujitolea kusema.

Picha ni za mwanao tu. Wale watoto wa vitanda vya jirani wana wazazi wao, na wengine hawakurudi nyumbani na mtoto. Andika tangazo lako ukijua huenda mmoja wao atalisoma. Jina la muuguzi nalo usilitaje bila kumuuliza.

Kukabidhi, msiende kundi zima na jasho lenu. Njiti huambukizwa upesi: waingie wawili, wamenawa mikono, na mwenye mafua abaki nyumbani. Barua ya shukrani ipelekeni chumba cha wauguzi ili zamu ya usiku nayo iisome, kwa sababu kwenye picha za makabidhiano hawamo. Msiondoke bila risiti yenye muhuri. Itume kwa waliochanga siku hiyohiyo, hata aliyetoa kidogo kuliko wote.