Fayawoli ikilalamikia seva ya DNS, mtafute anayeituma
Fayawoli (kinga ya mtandao) ikikuonya kwamba seva yako ya DNS, ile inayotafuta anwani za majina ya tovuti, inaulizia jina baya, yaani la tovuti inayoshukiwa, usikimbilie kuisafisha. Mimi nilimaliza Jumamosi nzima nikihangaika na seva isiyo na kosa. Seva hiyo inatumwa tu: kompyuta ya ofisini inaiuliza, nayo inauliza nje, kwa hiyo fayawoli inaiona yenyewe peke yake.

Washa kumbukumbu za maswali kwenye seva, kisha tafuta jina lile kwa saa ileile ya onyo. Kwanza hakikisha saa za fayawoli na seva zinalingana. Kwangu zilipishana dakika saba, nikamshuku mhasibu bure. Ukipata IP (anwani ya mtandao) ya mwulizaji, orodha ya DHCP, huduma inayogawa anwani hizo, itakuonyesha ni mashine gani.

Sasa lisome jina lenyewe. Kipande kirefu cha herufi zisizosomeka, kinachokaribia kikomo cha herufi 63 kwa kipande na kubadilika kila swali chini ya kikoa (jina kuu la tovuti) kilekile, hunitia hofu: huenda data inatoroshwa. Lakini baadhi ya antivairasi nazo huuliza hivyo, basi tazama ni programu gani inayouliza. Ikiwa huitambui, chomoa waya wa mtandao, ila mashine usiizime. Ukiizima, ushahidi ulio kwenye RAM (hifadhi ya muda ya mashine) unapotea.